Ugogo ya Wapita Njia na Ugogo ya Wenyewe

SAFU YA NYANDA ZA KATI
Na Amosi Chiwanga, Nkuhungu, Dodoma

Ni nchi chache za Tanzania zilizopitwa na wageni wengi kama Ugogo, na ni chache vilevile zilizofahamika kwa juujuu kama hiyo. Kwa jina Ugogo inakusudiwa hapa nchi ya asili ya Wagogo, yaani nyanda kavu zinazoanzia Mpwapwa na Kongwa upande wa mashariki, zikapita Chamwino, Dodoma na Bahi, hadi kufika Manyoni katika Mkoa wa Singida. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza humo katika karne ya 19. Reli ya kati ikafika Dodoma mwaka 1910. Barabara kuu zikafuata. Na tangu mwaka 2016 serikali yenyewe, pamoja na watumishi wake na familia zao, imehamia. Kila kundi kati ya hayo limetoa hukumu yake juu ya Wagogo, na hukumu nyingi zimepima haja za msafiri kuliko maisha ya mwenyeji. Jambo hilo lina uzito wa pekee leo, kwa sababu mgeni wa sasa hapiti tena: amejenga Nkuhungu, Kizota, Nzuguni na Mkonze, na anakusudia kukaa, ilhali picha aliyo nayo ya wenyeji wake ni ileile aliyorithi kwa wapita njia.

Mzizi wa picha hiyo umo katika suala la hongo, yaani malipo ambayo misafara ilitozwa na watemi kabla ya kuruhusiwa kupita, kupiga kambi na kuteka maji. Richard Burton na John Speke walipita Ugogo mwaka 1857, naye Henry Stanley mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone, na vitabu vyao, vilivyosomwa sana Ulaya, viliwazoesha wasomaji kumwona Mgogo kuwa mtu wa kudai vitambaa, shanga na nyaya kwa tamaa isiyo na kikomo. Waandishi hao walitegemea wakalimani na viongozi wa misafara, watu ambao wao wenyewe walikuwa na sababu ya kulichukia tozo hilo, na hawakukaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha kuuona mwaka mzima wa Ugogo ukizunguka. Laiti wangekaa, wangetambua kwamba katika nchi yenye msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza kama Desemba na kwisha kama Aprili, maji ya kiangazi ni yale yanayochimbuliwa katika mchanga wa makorongo na yale yaliyosalia katika mabwawa, na kwamba msafara wa mamia ya watu ukishakunywa maji hayo na kununua nafaka ya akiba, ng'ombe na watoto wa kijiji hubaki katika hatari. Hongo ilikuwa bei ya maji na chakula katika mahali ambapo vyote viwili vilikuwa haba, tena mahali ambapo pasipo wakulima wa Ugogo hakuna msafara ambao ungevuka salama kati ya nyika za mashariki na misitu mikavu ya magharibi.

Lalamiko lingine la wasafiri, kwamba walilipa leo na kutozwa tena baada ya mwendo wa siku moja au mbili, lilitokana na kutoelewa mfumo wa utawala. Wagogo hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa na nchi nyingi ndogo, kila moja ikiwa na mtemi wake, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kusimamia ibada za mvua na rutuba ya ardhi kwa niaba ya ukoo ulioaminika kuwa wa kwanza kukaa hapo. Kuvuka Ugogo kulikuwa kuvuka mipaka mingi halali, lakini msafiri aliyebeba ramani yenye jina moja aliona watu wale wale wakimtoza mara nyingi. Kosa la ramani likageuzwa kuwa kosa la tabia, na kwa njia hiyo sifa mbaya ikaandikwa vitabuni.

Mambo ya namna hii hayakuwapata Wagogo peke yao. Wales, nchi ndogo yenye watu kama milioni 3 upande wa magharibi wa kisiwa cha Britania, ina lugha yake ya kale, Kiwelshi, ambayo haifanani na Kiingereza, lakini wageni wengi, wakiwamo watu wa Afrika Mashariki, huihesabu kuwa kipande tu cha Uingereza. Mwaka 1847 serikali ya London ilichapisha taarifa ya wakaguzi watatu waliotumwa kuchunguza elimu ya Wales. Hakuna kati yao aliyejua Kiwelshi, ingawa raia wengi waliohojiwa hawakujua lugha nyingine, na taarifa ikahitimisha kwamba watu hao walikuwa na maadili duni na kwamba lugha yao ilikuwa kizuizi cha maendeleo. Wenyeji waliikumbuka taarifa hiyo kwa vizazi kuwa usaliti, na hadi leo hutajwa kama mfano wa mgeni mwenye mamlaka anayeandika juu ya watu asiowasikia. Hata hivyo Wales imepata chombo ambacho Ugogo haina: sensa yao huuliza habari za lugha, hivyo inajulikana kwamba mwaka 2021 watu wapatao 538,000 walisema wanazungumza Kiwelshi. Tanzania iliuliza kabila kwa mara ya mwisho katika sensa ya mwaka 1967, kwa nia njema ya kujenga taifa moja, na nia hiyo imezaa amani inayostahili kushukuriwa. Lakini upande wake wa pili ni kwamba pengo la takwimu limejazwa na masimulizi ya vijiweni.

Kosa lililogharimu fedha nyingi kuliko yote lilitendeka Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, uliozunguka kwa wiki tisa, sehemu ya uchunguzi ikifanywa kutoka angani, kisha ukapendekeza kilimo cha karanga katika ekari zaidi ya milioni 3 za Afrika Mashariki na Kati, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947. Trekta ziliharibika katika kung'oa vichaka na mibuyu, mvua haikufuata ratiba iliyoandikwa ofisini, na udongo wa mfinyanzi, ambao wakati wa masika hulimika, ulikauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga zilizokomaa hazikuweza kung'olewa. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Mkulima yeyote wa eneo hilo alikuwa anajua kwa nini wazee wake walipanda uwele na mtama, nafaka zinazovumilia ukame, wakatawanya mashamba yao ili mvua ikikosa huku ipate kunyesha kule, na wakaweka mali yao katika ng'ombe badala ya kuitegemea ardhi peke yake. Elimu hiyo ilikuwepo, imekamilika na imejaribiwa kwa karne nyingi, lakini haikuulizwa kwa kuwa haikudhaniwa kuwa ni elimu.

Uhusiano huo wa ng'ombe na nafaka ndio ufunguo wa kuielewa sifa inayowaumiza Wagogo kuliko zote, yaani ile ya kuitwa ombaomba. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake juu ya ng'ombe na udugu mwaka 1969, alionyesha kwamba Mgogo hula hasa alichokilima, lakini fahari, ndoa na urafiki wake hujengwa kwa mifugo. Ng'ombe wanaotolewa mahari au kukabidhiwa rafiki wa mbali hufunga mkataba wa kusaidiana, ili nchi moja ikikosa mvua watu wake waende kuhemea, yaani kutafuta chakula kwa jamaa na marafiki waliovuna, wakilipa kwa mifugo, kwa kazi au kwa ahadi ya kurudisha wema mwaka mwingine. Kuhemea ni bima ya jamii nzima, na mwenye kupokea leo ndiye mwenye kutoa kesho.

Bima hiyo ilivunjwa na nguvu za nje. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua zilipokosekana ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza, anakadiria kwamba kati ya mwaka 1917 na 1920 walikufa watu wapatao 30,000 katika eneo lililokuwa na watu 150,000. Jamii iliyopoteza mtu mmoja katika kila watano, pamoja na mifugo iliyokuwa akiba yake, ililazimika kutafuta riziki relini na mijini, ambako hakuna aliyefungwa nayo kwa mkataba wa udugu. Mtu wa Dar es Salaam aliyemwona mzee kutoka Dodoma akinyoosha mkono barabarani aliona tendo moja lililokatwa kutoka katika historia yake, akaliita tabia ya kabila. Utani kati ya makabila, ambao kwa desturi ni heshima iliyovaa kicheko, unaweza kuibeba hadithi hiyo bila madhara baina ya Mgogo na Mhehe wanaozikana na kusaidiana. Ukitoka kwa mtu asiyekuwa na wajibu wowote kwa anayemcheka, huo si utani tena, ni dharau.

Wapo wageni walioifahamu Ugogo vizuri, na njia waliyoitumia ni moja: walikaa, wakajifunza lugha, wakasikiliza. Mbali na Rigby, mtaalamu wa muziki kutoka Hispania, Polo Vallejo, alirudi mara nyingi katika kijiji cha Nzali kuchunguza uimbaji wa sauti nyingi zinazopishana na kukutana kwa ustadi, akaandika kitabu kizima juu ya nyimbo za watoto wa Kigogo. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, alizipeleka zeze na marimba ya mkono iitwayo ilimba katika majukwaa na studio za Ulaya, ingawa wako wakazi wapya wa Dodoma ambao hawajapata kuiona ngoma ya muheme, ipigwayo na wanawake, katika mahali pake pa asili. Tamasha la muziki wa Kigogo linalofanyika Chamwino liko karibu kabisa na ofisi za serikali, na kulihudhuria hakuhitaji safari ndefu.

Lakini mwalimu wa kwanza wa kumtafuta ni mwenyeji mwenyewe. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ihumwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, anakumbukwa nchini kote kwa ushairi na ngonjera. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwaka 1954 alichapisha kwa Kiswahili kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1995. Mnyampala anaeleza koo moja baada ya nyingine na asili zake, na msomaji anagundua kwamba wengi walitoka Uhehe, Ukimbu, Unyamwezi na Ukaguru, wakakutana katika nchi hii na kuwa Wagogo kwa kuishi pamoja. Kwa hiyo anayemtafuta Mgogo halisi asiyechanganyika anatafuta kitu ambacho historia haikukiumba. Anayedhani kila mtu wa Mkoa wa Dodoma ni Mgogo naye anakosea, kwa maana Kondoa na Chemba ni nchi ya Warangi, ya Waburunge wenye lugha ya Kikushi, na ya Wasandawe, ambao lugha yao yenye sauti za kubofya ulimi haina ndugu wa karibu popote katika Tanzania.

Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuihamishia serikali Dodoma ulitolewa kwa hoja kwamba makao makuu yawe katikati ya nchi na karibu na wananchi wa vijijini. Ukaribu wa ramani umepatikana: Dodoma imekuwa jiji tangu Aprili 2018, na sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 3 mkoani. Ukaribu wa kufahamiana bado. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa mwaka 1973, ilivunjwa mwaka 2017 baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wananchi juu ya ardhi, na funzo lake ni kwamba mpango wa mji unaochorwa kana kwamba nchi ilikuwa tupu huzaa mgogoro kwa kila kiwanja kinachopimwa juu ya shamba la mtu.

Yako mambo manne yanayowezekana bila gharama kubwa. Kitabu cha Mnyampala kichapishwe upya na kuwekwa katika kila maktaba ya shule ya mkoa. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo sasa limo katika mitaala, lifundishwe Dodoma kwa kuanzia na hongo, Mtunya na Kongwa, ili mtoto wa mtumishi aliyehamia na mtoto wa mwenyeji wasome pamoja habari za ardhi wanayoikanyaga. Wapanga miji wawaulize wazee njia za maji kabla ya kupima viwanja, kwa kuwa korongo lililokauka Agosti hukumbuka njia yake Januari. Na kiongozi anayefungua mkutano kwa salamu ya "Mbukwenyi" ajifunze Kigogo cha kutosha kusikiliza jibu, pasipo hofu ya kudhoofisha Kiswahili, ambacho Mnyampala mwenyewe alikitumikia maisha yake yote bila kuacha kuwa Mgogo.

Wagogo waliwapa maji wageni wa karne ya 19, na wageni hao wakayalipia kwa vitambaa kisha wakawatukana vitabuni. Wageni wa karne hii wamepewa zaidi ya maji. Wamepewa makazi na mji mkuu. Malipo yanayolingana na ukarimu huo ni kuwafahamu wenyeji kwa haki, na kwa kuwa safari imeishia hapa, hakuna tena udhuru wa kusema kwamba mgeni alikuwa anapita.