Kusafisha mito ya Rumonge: jembe la Jumamosi lianzie mlimani

Ukipita barabara ya RN3 kutoka Bujumbura kwenda Rumonge siku moja baada ya mvua kubwa, utaona jambo lile lile kila mto unapoingia ziwani. Maji mekundu kama chai ya maziwa yanajitandaza mbele ya mdomo wa mto, na pembeni chupa, majani na vipande vya viatu vimeganda kwenye mchanga. Jumamosi inayofuata watu watatoka na majembe, reki na mifuko kusafisha. Huenda na wewe umo kati yao, uwe mwenyeji, uwe umerejea kutoka Tanzania, au uwe umekimbia vita Kivu Kusini.

Je, kazi hiyo inasaidia? Inasaidia, lakini si kwa yote tunayoahidiwa. Tumezoea kutia katika kapu moja mambo matatu yaliyo tofauti: takataka, udongo, na kupanda kwa maji ya ziwa. Kila moja lina chanzo chake na dawa yake.

Takataka: hapa mikono mingi inatosha

Hili ndilo rahisi kuliko yote. Mtaro ulioziba kwa plastiki humwaga maji machafu ndani ya nyumba, na maji hayo yakipita kwenye vyoo huleta kipindupindu. Ugonjwa huu hautuishi mbali: Januari 2023 serikali ilitangaza mlipuko mwingine, na mitaa ya pwani ya ziwa ni kati ya sehemu zinazoathirika mara kwa mara, kwa sababu watu wengi bado wanateka maji ya kunywa ziwani au mtoni. Watu hamsini wakizibua mitaro kabla ya mvua ya Machi na Aprili, faida inaonekana wiki hiyo hiyo.

Tatizo ni takataka zinakokwenda baadaye. Zikikusanywa na kuachwa ukingoni, mvua ya kwanza inazirudisha mtoni. Burundi ilitoa amri ya kukataza mifuko ya plastiki mwaka 2018, ikaanza kutumika 2020, lakini bila shimo la taka na bila gari la kuzizoa, anayejitolea atakuwa anaokota mfuko ule ule kila mwezi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa viongozi wa komine liwe hili: tukishakusanya, nani anabeba, na anapeleka wapi?

Rumonge ina taka nyingine ambayo mfuko hauwezi kuibeba. Huu ni mji wa mawese. Maji yanayobaki baada ya kukamua yana mafuta na mabaki ya ngazi, na yakimwagwa kijitoni huoza na kumaliza hewa ambayo samaki wanavuta majini. Shimo la kuyatuliza kabla hayajafika mtoni linachimbwa kwa siku chache. Hapa Jumamosi moja ya kuchimba pamoja na wenye mashine itafaa kuliko Jumamosi nyingi za kuokota.

Udongo: hapa ndipo penye kazi ngumu

Milima ya Rumonge na Muhuta inashuka kwa ghafla hadi ziwani. Machi 2015, pale Gitaza, mlima uliporomoka, tope na mawe yakafunga RN3. Siku za kawaida udongo haushuki kwa kishindo namna hiyo, unashuka kidogo kidogo kutoka kila shamba la muhogo lililolimwa kufuata mteremko.

Kwa mvuvi hilo si jambo dogo. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, lakini samaki wanaishi tabaka la juu tu, kwa kuwa chini hakuna hewa. Tena samaki wa pwani wengi hula na kutaga kwenye miamba iliyo karibu na ukingo, na tope likitua juu ya miamba, chakula kinafunikwa. Mradi mkubwa wa nchi nne za ziwa hili, uliofanyika kati ya 1995 na 2000, ulitaja udongo unaotoka mashambani kuwa moja ya hatari kuu. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili ndagala na mikeke wapate kuzaana. Samaki wanaweza kupewa miezi mitatu ya kupumzika. Tope halipumziki.

Ukifukua mdomo wa mto Dama au Murembwe bila kugusa mlima, umefuta maji sakafuni na bomba liko wazi. Dawa inajulikana: mifereji inayokata mteremko, majani ya mifugo juu ya matuta, mianzi na miti kando ya mto. Kampeni ya taifa ya kupanda miti, Ewe Burundi Urambaye, imeotesha miche mingi tangu 2018. Lakini mche uliopandwa siku ya picha na kuachwa bila mwangalizi, mbuzi wataumaliza kabla ya kiangazi kuisha.

Ng'ambo ya mpaka, huko Kigoma, kuna somo. Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji vya pwani ya ziwa. Ulianza na vitalu vya miche. Baadaye ilionekana kwamba mahali pengi visiki vya zamani vikiachwa bila moto na bila shoka vinachipua vyenyewe, na vijiji vikatenga sehemu zake za msitu kwa mpango wa ardhi uliokubaliwa. Kulinda kulizaa miti pamoja na kupanda, na kilichowezesha kulinda ni makubaliano.

Ziwa kupanda: tusidanganyane

Tangu miaka michache iliyopita ziwa limepanda, likameza nyumba, mashamba na sehemu za bandari, kuanzia Gatumba hadi Rumonge. Aprili 2024 Burundi iliomba msaada wa kimataifa kwa ajili ya mafuriko hayo. Katika mikutano mingine watu wanaambiwa kwamba tukisafisha mito, ziwa litashuka. Sivyo. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga ulioko Kalemie, na maji yake mengi huondoka kwa kukaushwa na jua. Mvua ikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa litapanda hata mito yote ya Rumonge iwe safi kama kioo.

Kazi ya mlimani inaweza kupunguza mafuriko ya mto, yale yanayokuja usiku mmoja na kubomoa daraja. Anayekuomba jasho lako akuambie ni mafuriko yapi anayozungumzia.

Nani anajitolea, na kwa shamba la nani?

Hili halisemwi sana, nalo ndilo linaloua miradi mingi. Kanuni ya Maji ya 2012 inataka mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika ziachwe, na mita 25 kando ya mito inayoingia humo. Katika ramani ni mstari tu. Katika maisha, ndani ya mstari huo kuna mboga za mjane na mahindi ya familia ambayo nyumba yake iko chini ya maji.

Tena hii ni Rumonge. Mwaka 1972 maelfu ya watu walikimbia kutoka pwani hii, na waliporudi baada ya miaka mingi walikuta mashamba yana watu wengine. Kesi za ardhi zimegawa majirani na hata ndugu. Katika nchi ya namna hiyo, mti uliopandwa leo kesho ni ushahidi. Kundi la vijana likishuka na miche bila kuuliza, kuna atakayeona msitu na kuna atakayeona mpaka mpya. Ndiyo maana makubaliano yawekwe kwenye karatasi kabla ya shimo la kwanza: ardhi ni ya nani, miti itakuwa ya nani, majani ya mifugo atakata nani.

Kwa wakimbizi kuna jambo la ziada. Mwanzoni mwa 2025, na tena Desemba baada ya vita kufika Uvira, makumi ya maelfu ya Wakongo waliingia Burundi. Kufanya kazi na wenyeji kunajenga ujirani mwema, na wengi wanaijua milima na ziwa hili tangu utotoni. Lakini kujitolea kubaki kujitolea. Jina lako kwenye orodha ya kusafisha mto lisiwe sharti la kupata chakula au karatasi. Na kazi ya miezi mingi, kama kutunza kitalu, ni ajira. Anayeifanya alipwe, awe mwenyeji au mkimbizi.

Kabla hujabeba jembe

Jumamosi ijayo ukiitwa, nenda. Lakini uliza mambo manne: taka zitapelekwa wapi, mlimani kunafanyika nini, mwenye shamba amekubali, na nani atarudi kuangalia miche baada ya miezi sita. Vaa buti au viatu vilivyofunika mguu, maana kichocho kipo katika maji yaliyotulia, na nawa kwa sabuni kabla ya kula. Mkipata majibu ya maswali hayo, yaandikeni na myatunze. Mvua ijayo itakaposhuka, mtaweza kulinganisha rangi ya maji na yale mliyoahidiwa.