Urais wa Marekani na shilingi kumi za Ilomba

Novemba 2024, kwenye vijiwe vya bodaboda na bajaji kando ya barabara ya TANZAM hapa Ilomba, ubishi wa Donald Trump na Kamala Harris ulipamba moto kama wa Simba na Yanga. Sisi waandishi tuliuchochea kwa kuhesabu majimbo na kurudia vijembe vya wagombea. Swali la maana hatukuliuliza: ikulu ile ikipata mtu mpya, nani Mbeya atakosa nini?

Jibu lilikuja Januari 20, 2025. Siku ileile ya kuapishwa, Trump alisaini amri ya kusitisha misaada ya maendeleo kwa siku 90. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioasisiwa mwaka 2003 na George W. Bush, rais wa chama cha Trump mwenyewe, nao ukayumba. Siku chache baadaye dawa za kuokoa maisha ziliruhusiwa, lakini huduma ya VVU si vidonge peke yake. Pale CTC, kliniki ya huduma na tiba ya VVU, yupo anayepima, yupo anayeingiza takwimu, yupo anayempigia simu mgonjwa aliyeruka kliniki. Wengi wa hawa walilipwa na miradi ya misaada hiyo. Na kwetu hili ni jambo zito: utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 9.6 Mbeya, 11.1 Iringa na 12.7 Njombe, wakati wastani wa taifa ni 4.4.

Wapo wanaomtupia Trump lawama zote. Sikubaliani nao. Kama rais anaweza kuzuia fedha zilizoidhinishwa na Bunge lake, huo ni mgogoro wa Wamarekani na mahakama zao. Mlipakodi wa Ohio hakuapa kutununulia dawa maisha yote. Sisi Waafrika ndio tuliokubaliana Abuja mwaka 2001 kwamba asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya, kisha miaka mingi tukaishia chini ya hapo.

Kwa hiyo habari kubwa ya mwaka 2025, kwa maoni yangu, ilitoka Dodoma. Bunge lilipitisha tozo za kugharamia vita dhidi ya UKIMWI, ikiwemo shilingi 10 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Dereva wa bajaji anayejaza lita tano anaacha shilingi 50 sheli kwa ajili ya afya ya jirani yake. Naziunga mkono tozo hizi bila kusita. Ila fedha hiyo ni jasho lake, na ana haki ya kuambiwa imenunua nini na imeajiri nani. Tozo ya miamala ya 2021 ilizua hasira kwa sababu watu waliona makato kabla ya kuona kazi yake.

Waandishi wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini, tudai hesabu za Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI, wilaya kwa wilaya, kwa ari ileile tuliyofuatilia nayo kura za Pennsylvania. Nawe msomaji, mbunge wako akija kukusalimia, muulize shilingi 10 zako zimefika CTC gani.