Lubumbashi: Kampuni «baba» haiko tena, nyumba za watoto zimebaki

Kila mtu aliyefika Lubumbashi anajua bomba la moshi la kiwanda cha zamani cha shaba, na mlima mweusi wa takataka ulio kando yake, unaoitwa terril. Vyote viwili ndivyo picha ya mji huu. Lakini ile milki kubwa iliyovijenga iliacha pia vitu vingine ambavyo watu hawapigi picha: nyumba za matofali za wafanyakazi, shule, zahanati, viwanja vya mpira na majumba ya mikutano. Hayo ndiyo majengo yanayopotea moja baada ya lingine bila hata kuandikwa kwenye daftari. Swali la leo ni hili: nani ana haki ya kusema lipi libaki na lipi libomolewe?

Milki iliyolisha na kutawala

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika mwaka 1910, mwaka uleule mji wa Élisabethville ulipoanzishwa, na kiwanda kilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Mwanzoni wafanyakazi walikuja kwa muda mfupi na kurudi kwao. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha mpango: iliwapa watu kandarasi za miaka 3, ikawaruhusu waje na wake zao, na ikawajengea kambi karibu na kiwanda. Wengi walitoka Kasai, Maniema, Rwanda na Burundi. Kiswahili cha Lubumbashi kilikomaa katika kambi hizo na katika mitaa ya pembeni yake kama Kamalondo.

Mtu akiifananisha milki hiyo na boma la tajiri, kiwanda na nyumba za wakubwa vilikuwa jumba lenyewe, na kambi zilikuwa vijumba vya nyuma ya ua. Kampuni ilitoa poso, nyumba, shule na dawa. Ndiyo maana wazee wanakumbuka kazi kama baba na mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 kwa maneno ya uchungu: «Bana Shaba» walioachwa na baba yao.

Baba huyo alikuwa pia na fimbo. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma wakidai nyongeza ya mshahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville. Askari walifyatua risasi, na makumi ya watu waliuawa, pamoja na kiongozi wao Léonard Mpoyi. Kwa hiyo kuyalinda majengo haya si kuusifu ukoloni. Uwanja wa mpira unaweza kuwa ushahidi wa mauaji, na nyumba ya chumba kimoja inaonyesha jinsi kampuni ilivyohesabu mahitaji ya familia ya Mwafrika.

Jinsi milki ilivyoanguka

Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu ilitaifisha kampuni, ambayo baadaye ikawa Gécamines. Mwaka 1986 ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ulibomoka, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi takriban tani 30,000. Katika miaka hiyohiyo, 1992 na 1993, familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika nyumba zao, hasa Likasi na Kolwezi. Hata leo, ukiuliza historia ya nyumba moja ya kambi, unaweza kugusa kidonda cha jirani.

Kisha, mwaka 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka katika mpango wa «kuondoka kwa hiari» uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Wengi wanalalamika hadi leo kwamba hawakulipwa haki yao yote. Gécamines bado iko, lakini ile milki iliyolisha, iliyotibu na kusomesha imekwisha. Nyumba nyingi ziliuzwa kwa wafanyakazi waliokuwa wakikaa ndani. Kwa familia hizo, ukuta wa matofali ndio pensheni pekee waliyobaki nayo.

Kulinda bila kunyang'anya

Hapa ndipo mjadala unapokuwa mgumu. Mjane anayepanua nyumba ya kambi ili apangishe vyumba viwili hafanyi kosa. Kumwambia asiguse tofali kwa sababu ni urithi wa taifa, bila kumpa hata franga moja, ni kumwongezea deni mtu ambaye tayari anadai. Tofauti iko kwenye majengo ya wote: shule, zahanati, viwanja na majumba ya mikutano. Hayo yakiingia mikononi mwa mtu binafsi, mtaa mzima unapoteza. Na kila mkaaji wa RDC anajua kwamba mtu akishapata hati ya usajili wa ardhi, na miaka 2 ikapita, kumwondoa ni kazi ngumu sana. Kuchelewa kunamfaidi mnunuzi.

Sheria ya kulinda mali za utamaduni iko tangu mwaka 1971. Inchi yetu ina maeneo 5 kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, yakiwemo Virunga na Kahuzi-Biega, lakini yote 5 ni ya misitu na wanyama. Ubelgiji, kulikotoka mitaji mingi ya Union Minière, iliingiza migodi yake 4 ya zamani ya Wallonie kwenye orodha hiyo mwaka 2012. Kule Bois-du-Luc, nyumba za wachimbaji zilizojengwa karne ya 19 ni sehemu ya urithi huo. Nyumba za wafanyakazi kule ni historia. Nyumba za wafanyakazi hapa zinahesabiwa kama viwanja vya kuuza.

Hatua ya kwanza haihitaji pesa nyingi. Makumbusho ya Lubumbashi na Chuo Kikuu tayari wana uzoefu: mradi wa «Mémoires de Lubumbashi», ulioanza mwaka 2000, ulikusanya vitu na maneno ya wakaaji wenyewe. Serikali ya jimbo, ofisi ya meya na Gécamines wanaweza kuketi nao na kuandika orodha ya majengo ya wote yaliyobaki, mtaa kwa mtaa, kisha kuzuia hati mpya juu yake hadi orodha ikamilike. Wenye nyumba waachwe na haki yao, na waulizwe wanachokumbuka.

Hata terril, alama ya mji, umekuwa ukichimbwa upya tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kwa ajili ya kobalti iliyomo ndani yake. Kama mlima ule unaweza kupungua mbele ya macho ya wote, zahanati ya kambi inaweza kutoweka kwa siku moja, na kesho hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba iliwahi kuwa mali ya wote.