Fedha za Umma na Mizani ya Ushahidi

Fedha za umma ni amana. Aliyekabidhiwa hana ruhusa ya kuzitoa kwa huruma peke yake, wala kuzizuia kwa ubahili. Kanuni hiyo imepata mtihani mkubwa nchini Australia, katika suala la kutibu kwa saruji pingili za uti wa mgongo zilizovunjika.

Tiba hiyo ilianzia Ufaransa mwaka 1984. Mzee ambaye mifupa yake imedhoofika, aghalabu mwanamke, huweza kuvunjika pingili kwa kuinua mzigo mdogo tu. Daktari humpiga ganzi, kisha kwa sindano huingiza ndani ya pingili saruji ya kitabibu inayoganda upesi. Wagonjwa wengi walisema wamepata nafuu, na mwaka 2005 Australia ikaanza kuigharimia kwa muda kutoka Medicare, mfuko wake wa taifa wa matibabu.

Lakini nafuu inayofuata tiba si lazima iwe imeletwa na tiba. Mfupa huunga wenyewe kadiri siku zipitavyo, na matumaini nayo hupunguza maumivu. Mwaka 2009 yalichapishwa majaribio mawili. Baadhi ya wagonjwa walitiwa saruji. Wenzao walipigwa ganzi na kusikia harufu ya saruji, lakini hawakutiwa. Nafuu ya makundi hayo haikutofautiana. Mwaka 2011 malipo yakasimamishwa.

Madaktari waliopinga uamuzi huo walikuwa na hoja moja nzito: majaribio yale yaliwachanganya waliovunjika karibuni na waliokwisha kukaa miezi mingi. Mwaka 2016 jaribio jingine la Australia liliwachukua wagonjwa 120 waliovunjika chini ya wiki 6, wenye maumivu makali. Baada ya siku 14, asilimia 44 ya waliotiwa saruji maumivu yao yalishuka chini ya alama 4 kati ya 10. Kwa wasiotiwa ilikuwa asilimia 21. Novemba 2020 malipo yakarejeshwa, lakini kwa mivunjiko isiyozidi wiki 3.

Je, shauri limekwisha? La, hasha. Jaribio la Uholanzi la mwaka 2018, lenye wagonjwa 180, halikuona tofauti ya maana. Tena lile la mwaka 2016 lilipata msaada wa fedha wa kampuni ya vifaa vya tiba. Msaada huo haubatilishi matokeo, bali unawajibisha wenye mamlaka kuyapima upya. Isisahauliwe pia kwamba saruji huweza kuvuja na kumdhuru mgonjwa.

Kwa hiyo kuufungua mlango kwa kiasi kulikuwa haki. Kuupanua bila ushahidi mpya kutakuwa kosa. Hapana budi kila anayetibiwa aandikwe, matokeo yake yahesabiwe, na jaribio lirudiwe kwa fedha za umma, mbali na mkono wa muuzaji. Mzee anayeshindwa kugeuka kitandani anastahili kuhurumiwa. Anastahili pia kujua kama anachotiwa mgongoni ni dawa au ni dhana.