Poutine ni ya Quebec kabla ya kuwa ya Kanada

Ukiuliza leo chakula cha Wakanada ni kipi, wengi watakujibu kuwa ni poutine: sahani ya chipsi zilizotandaziwa vipande vya jibini changa, kisha zikamwagiwa mchuzi mzito wa kahawia ungali wa moto. Machi 2016, Ikulu ya Marekani ilipomwandalia dhifa Justin Trudeau, Waziri Mkuu wa Kanada wa wakati huo, wageni walionjeshwa poutine ndogondogo kama salamu kwa taifa lake zima. Heshima hiyo chakula hiki kinaistahili. Tatizo ni kwamba sifa zimekwenda kwa Kanada yote, na waliokibuni wakasahaulika. Poutine ni mali ya Quebec, jimbo la wasemaji wa Kifaransa, na haki inataka itajwe hivyo kila inapouzwa na kila inaposifiwa.

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya sahani yenyewe. Miji miwili midogo ya katikati ya Quebec inagombea asili yake. Warwick inamtaja Fernand Lachance, mwenye mkahawa aliyechanganya chipsi na jibini mwaka 1957 kwa ombi la mteja. Drummondville inamtaja Jean-Paul Roy, aliyeanza kuuza sahani yenye mchuzi mwaka 1964. Vyovyote iwavyo, yote mawili yalitokea katika eneo la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Jibini inayotakiwa ni ile iliyotoka kiwandani siku hiyohiyo, ambayo haijapata baridi ya friji, na ambayo ukiitafuna inalia kwenye meno. Ikilala, mlio huo hupotea. Mchuzi nao sharti uwe na moto wa kuilainisha bila kuiyeyusha. Chakula cha namna hii kisingeweza kuzaliwa mbali na kiwanda cha jibini; kimetokana na kazi na ardhi ya watu mahususi.

Ushahidi wa pili ni dharau iliyowapata watu hao. Katika miaka ya 1960, tume ya kifalme iliyochunguza hali ya lugha mbili za Kanada ilionyesha kwamba wanaume wenye asili ya Kifaransa walikuwa miongoni mwa makundi yenye kipato cha chini kabisa ndani ya Quebec, jimbo ambalo wao ndio walio wengi. Chakula chao nacho kilidharauliwa. Kwa miaka mingi poutine ilitumiwa kuwakejeli kuwa ni watu wasio na ustaarabu, hata baadhi yao wakaionea haya. Mtafiti Nicolas Fabien-Ouellet aliliandika jambo hili, akidai kwamba kuiita poutine chakula cha Kanada ni kuwapora watu waliokwisha kudhihakiwa kwa ajili yake. Nakubaliana naye, kwa sababu mfuatano wa mambo unamuunga mkono. Mpishi Martin Picard alifungua mkahawa wake Montreal mwaka 2001 na kuipandisha hadhi poutine kwa kuiwekea ini la bata aliyenoneshwa. Mwaka 2013 McDonald's ikaanza kuiuza Kanada nzima. Aibu ilipokwisha, ndipo wenye kuidai wakaongezeka.

Wapo watakaosema chakula hakina mpaka, na kwamba vyakula vingi vya haraka vya Kanada ni mchanganyiko. Ni kweli. Donair, chakula cha nyama na sosi cha Halifax, ilitokana na mhamiaji wa Kigiriki, Peter Gamoulakos, aliyeacha nyama ya kondoo akatumia ya ng'ombe, na akatengeneza sosi tamu ya maziwa mazito ya kopo, siki na kitunguu saumu. Lakini mwaka 2015 ni jiji la Halifax lililoitangaza kuwa chakula chake rasmi, na donair ikabaki na jina la mji ulioilea. Kuchanganya hakujawahi kuhitaji kufuta asili. Wengine watasema Quebec imo ndani ya Kanada, basi hakuna kilichoporwa. Hoja hiyo inalisahau Bunge lenyewe la Kanada, ambalo Novemba 2006 liliwatambua Wakebeki, yaani watu wa Quebec, kuwa taifa ndani ya Kanada iliyoungana. Taifa linalotambuliwa bungeni haliwezi kukosa kutambuliwa mezani. Na wanaosema poutine ni mafuta na chumvi tupu wana haki ya kuwatahadharisha watu kuhusu afya zao, kwani si chakula cha kila siku. Hata hivyo, wingi wa mafuta haubadilishi swali la nani alikibuni.

Sidai kwamba poutine ifungiwe Quebec. Ipikwe Toronto, Vancouver na popote penye viazi na jibini nzuri, na kila mpishi aongeze chake. Ninachodai ni kidogo na hakina gharama: orodha ya vyakula mkahawani iandike Quebec pembeni ya jina lake, na dhifa za kiserikali zifanye hivyo hivyo. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wakebeki walibebeshwa kejeli ya chakula hiki kwa miaka mingi. Sasa kinaposifiwa duniani, wapewe na sifa yake.