Simu Nimemaliza Kulipa, Kufuli ni ya Nini?

Leo naongea na kampuni zinazouza simu zilizofungwa, na mtanisamehe nikipandisha sauti. Mtu akimaliza kulipa simu, simu ni yake. Mbona bado mnamchagulia laini?

Kama hujawahi kukutana na hii maneno, ni hivi. Kuna simu huuzwa zikiwa zimefungiwa mtandao mmoja. Ukiweka laini ya kampuni ingine, inakataa. Ukiwa nyumbani hata huoni shida. Utaijua siku umevuka Namanga, umenunua laini ya Tanzania, unaiweka, halafu simu inakuitisha namba ya siri ambayo hujawahi kupewa. Hapo ni mawili: ulipie rominga ama utafute mulika mwizi ya kukusaidia.

Binamu yangu hufuata nguo Arusha. Simu alilipa kila siku mwaka mzima, hakuruka hata moja. Kufika huko, laini ikakataa. Akapigia waliomuuzia, wakamwambia alete simu dukani. Dukani wapi? Nairobi! Wateja wanangoja picha za mzigo, na yeye anaambiwa apande basi arudi.

Najua jibu lenu: "Tunalinda mkopo." Sawa, deni lilindwe, hakuna mtu anataka simu ya bure. Lakini simu za mkopo tayari zinajifunga skrini ukikosa kulipa, na hiyo haihitaji kunichagulia laini. Hii kufuli ya mtandao inalinda kitu kingine: mteja asiende kwa jirani. Semeni hivyo basi, tuelewane.

Na msituambie haiwezekani. Kanada ilipiga marufuku kuuza simu zilizofungwa kuanzia 1 Desemba 2017, na wenye simu za zamani wakawa na haki ya kufunguliwa bure. Uingereza ikafuata Desemba 2021. Kampuni za huko hazikufa, bado zinauza simu kwa mkataba. Marekani ndiyo ilizunguka: Januari 2013 kujifungulia simu mpya bila ruhusa ya kampuni kukawa kosa, watu wakapiga kelele, na Agosti 2014 Obama akatia sahihi sheria ya kuwaruhusu tena. Lakini kampuni za huko bado zinaweza kuuza simu ikiwa imefungwa, na ndiyo sababu cousin akikutumia simu kutoka Marekani unaishia Luthuli. Fundi anakuwekea kile kikadi chembamba chini ya laini cha kudanganya simu. Inashika, unafurahi, halafu programu inajisasisha na umerudi sufuri. (Ukinunua ya mkono wa pili, weka laini za kampuni mbili tofauti papo hapo kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikasirika, ushajua.)

Sasa Mamlaka ya Mawasiliano, hii ni kazi yenu. Andikeni kanuni: malipo ya mwisho yakiingia, simu ifunguliwe siku hiyo hiyo, bure, bila mtu kuitwa dukani. Kampuni tayari ina namba ya IMEI ya simu iliyouza, na ina namba ya mteja. Nikilipa shilingi hamsini, ujumbe wa kuthibitisha unaingia kabla sijarudisha simu mfukoni. Namba ya kufungulia inaweza kuja na ujumbe huo huo.