Shokapu Ngumu Si Lazima Iwe Bora

Ni kosa kudhani kwamba shokapu iliyochakaa yafaa kubadilishwa kwa iliyo ngumu zaidi. Gari la safari lenye vitanda, jiko na tangi la maji hubeba mzigo wake daima. Likivuka matuta ya barabara kuu katika Hifadhi ya Mikumi, kisha likaelekea Kilosa, uzito huo hudunda juu ya springi. Shokapu hutuliza mdundo: mafuta hupenya matundu membamba, na nishati ya mwendo hugeuka joto. Ikiwa laini mno, gari huyumba. Ikiwa ngumu mno, gurudumu huruka, na gurudumu lisilogusa ardhi halisimamishi gari. Basi mnunuzi na aanzie kwenye mizani. Mwanafunzi aliyejifunza springi darasani anaweza kumwuliza fundi: gari hili, likijaa, lina uzito gani?